Uhaba wa Ardhi Mijini na Somo la Jiografia: Mifano ya Baraka na Bukavu

Utangulizi

Wilaya ya Fizi, katika jimbo la Kivu Kusini, ina eneo la zaidi ya kilometa za mraba 15,000. Ni nchi ya milima, misitu na mwambao mrefu wa Ziwa Tanganyika. Hata hivyo, mtu anayetafuta kiwanja mjini Baraka hukuta kwamba ardhi ni haba na ugomvi juu yake ni mwingi. Kwa mwanafunzi wa jiografia hiki ni kitendawili: inakuwaje mji uliomo katika wilaya pana kiasi hicho ukose mahali pa kujenga? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu haliwezi kupatikana katika ramani peke yake. Uhaba wa ardhi mjini una historia yake, na somo la mipango miji lisilogusa historia hiyo humzoeza mwanafunzi kuchora mistari bila kujua mistari hiyo inapita juu ya nini.

Ziwa na mlima

Baraka imekaa kwenye ghuba ambayo ramani huiita Ghuba ya Burton, mkabala na rasi ya Ubwari. Wasafiri Burton na Speke walipita pande hizo mnamo mwaka 1858 walipokuwa wakielekea Uvira. Nyuma ya mji ardhi huinuka kuelekea safu ya milima ya Mitumba, na Fizi penyewe, makao makuu ya wilaya, pako huko juu. Kati ya maji na mlima pana ukanda wa tambarare ambamo bandari, soko, barabara na mashamba vyote vinadai nafasi. Ardhi iliyo haba, basi, si ya wilaya nzima. Ni ile tambarare iliyo karibu na riziki.

Tambarare hiyo yenyewe haina mpaka wa kudumu. Katika miaka ya 1870 mto Lukuga, ambao ndio mlango wa kutokea maji ya ziwa, ulikuwa umezibwa, na ziwa likajaa. Mnamo 1878 hivi mlango huo ulifunguka na maji yakashuka. Yalipanda tena mwaka 1964, kisha 2020 na 2021, na tena 2024, yakaingia katika nyumba za miji ya mwambao, ikiwemo Uvira na Kalemie. Kiwanja kilichopimwa ufukweni katika miaka ya maji machache huonekana kuwa ardhi tupu, kumbe ni sehemu ya ziwa iliyoachwa kwa muda tu. Mpima ardhi anayetazama mwaka mmoja hataliona jambo hili, bali mzee wa kijiji anaweza kulikumbuka.

Somo la Bukavu

Mji wa Bukavu, ulioitwa Costermansville tangu mwaka 1927 hadi miaka ya 1950, unaonyesha jinsi uamuzi wa zamani unavyozaa uhaba wa baadaye. Utawala wa Kibelgiji uliwatengea Wazungu rasi zinazoingia katika Ziwa Kivu, ndiyo Ibanda ya leo. Waafrika waliwekwa Kadutu, juu ya miteremko, na baadaye Bagira, ambako Ofisi ya Miji ya Waafrika, iliyoundwa mwaka 1952, ilijenga nyumba kwa mpango. Amri ya tarehe 20 Juni 1957 juu ya mipango miji iliendelea kutumika hata baada ya uhuru, lakini mji haukuendelea kuifuata.

Kwa nini? Mji uliochorwa kwa ajili ya watu wachache ulipokea watu wengi mno. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika. Vita vya 1996 na 1998 viliwafukuza wanavijiji kutoka mashambani, nao wakaukimbilia mji. Nafasi zilizoachwa wazi zilijengwa, pamoja na kingo za mto Kawa na miteremko mikali. Huko Funu, katika Kadutu, nyumba zimesimama juu ya poromoko la zamani ambalo bado linasogea polepole: kuta hupasuka, mabomba hukatika, na watu hujenga upya papo hapo kwa kuwa hawana pengine. Si sahihi kusema kwamba watu hao hawajui hatari. Wanaijua vyema, ila wanailinganisha na hatari ya kukaa mbali na soko na kazi.

Sheria na wenye ardhi

Sababu nyingine ya uhaba imo katika sheria. Sheria ya Bakajika ya 1966, na hasa ile ya tarehe 20 Julai 1973, zilifanya ardhi yote kuwa mali ya Dola. Sheria ya 1973 iliahidi kwamba haki za wenyeji juu ya ardhi waliyoishi kwa desturi zingeelezwa na amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa. Kwa hiyo kiwanja kimoja kiliweza kuuzwa na mkuu wa ukoo kwa mtu mmoja, na kuandikiwa mwingine katika ofisi ya serikali, na kila mmoja akaamini kwamba anayo haki.

Mjini Baraka hali hiyo ilikutana na historia ya kukimbia na kurudi. Vita vya 1996 na 1998 viliwavusha ziwa watu wengi wa Fizi hadi kambi za Tanzania, kama Nyarugusu. Tangu mwaka 2005 wengi walirudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi bandari ya Baraka. Aliyerudi alikuta pengine mwingine amejenga, naye amejenga kwa nia njema. Mwaka 2013 amri ya serikali iliipa Baraka hadhi ya mji, na mwaka 2015 kambi ya Lusenda, katika wilaya hiyohiyo, ilifunguliwa kwa ajili ya Warundi. Hivyo mji ulipewa jina lake rasmi kabla maswali ya nani ana haki wapi hayajajibiwa.

Lugha ya somo

Hapa ndipo wataalamu wa lugha wanapokuwa na neno la kusema. Mipango miji hufundishwa kwa Kifaransa, ilhali ugomvi wa ardhi huendeshwa kwa Kiswahili na Kibembe. Mzee husema "shamba la ukoo", mnunuzi husema "parsele", na karani huandika jina la haki itolewayo na Dola. Udongo ni mmoja, lakini kila jina lina madai yake. Hata neno "site", lililotokana na Kifaransa, bado linahifadhi ile tofauti ya kikoloni kati ya mtaa wa Waafrika na mji wa Wazungu.

Kwa hiyo zoezi la kwanza la mwanafunzi lisiwe kuchora mji mpya. Atembee kutoka ufukweni hadi chini ya mlima, aulize kila mahali: pao hapa pa nani, paliitwaje, maji yaliwahi kufika wapi, nani aliondoka na nani alirudi? Majibu ayaandike kwa maneno ya wasemaji wenyewe, ndipo achukue kalamu ya kuchorea.

Hitimisho

Bukavu haiwezi tena kuchorwa upya bila kuwahamisha maelfu ya watu. Baraka bado ina nafasi ya kuchagua. Kingo za mito na ukanda wa ufuko zikiachwa wazi mapema, na haki za wenyeji na za waliorudi zikiandikwa kabla ya viwanja kukatwa, mji unaweza kuepuka sehemu kubwa ya hasara. Walimu wa jiografia wa kesho ndio watakaolifahamu au kulipuuza jambo hili. Maji hufuata mkondo. Na mji nao hufuata mkondo uliochimbwa na uamuzi wa kwanza.