Mkebe si kilo: historia ya kipimo kinachopunguza chakula

Katika masoko mengi ya mashariki mwa Congo, unga na maharagi vinauzwa kwa mkebe. Kivu wanauita murongo, Katanga wanasema meka. Lakini msaada wa chakula kwa familia zilizokimbia vita unahesabiwa kwa kilo. Kati ya mkebe na kilo ndipo chakula kinapopotea, na jambo hilo halikuanza leo.

Katika karne ya 19, misafara ya pembe iliyotoka pwani hadi Kasongo na Nyangwe, huko Manyema, ilitumia vipimo viwili. Pembe za tembo zilipimwa uzito kwa frasila, karibu kilo 16. Posho ya wapagazi ilipimwa kwa kibaba, yaani kwa kujaza chombo. Vibaba 4 vilifanya pishi 1.

Ulaya pia watu waligombana juu ya chombo. Nchini Ufaransa, mabwana walidai nafaka za wakulima kwa kipimo kilichojazwa mpaka kufanya kilima, si kilichofutwa juu. Mwaka 1789 wakulima waliandika malalamiko, wakiomba kipimo kimoja kwa wote. Mwaka 1795 sheria ikaweka gramu: uzito wa maji yanayojaa kijisanduku cha sentimita 1 kila upande. Ubelgiji, ukiwa chini ya Uholanzi, ulipata vipimo hivyo mwaka 1816, na baadaye wakoloni wake wakavitumia Congo. Kuanzia mwaka 1917 wakulima wa Congo walilazimishwa kulima pamba, nayo ilinunuliwa kwa kilo. Kilichokwenda ng'ambo kilipanda mizani. Kilichoingia chunguni kilibaki kwenye mkebe.

Hatari iko hapa: lita 1 ya maji ni kilo 1, lakini vyakula vikavu havifanani na maji. Lita 1 ya mchele ina karibu gramu 800. Unga wa mahindi una karibu gramu 600. Chumvi inapita kilo.

Tuseme kila mtu anapaswa kupata gramu 400 za unga kwa siku. Familia ya watu 5 inahitaji kilo 60 kwa siku 30, sawa na lita 100 hivi. Mgawaji akidhani lita ni kilo, atawapa lita 60, ambazo ni kilo 36 tu. Zinapungua kilo 24: chakula cha siku 12.

Dawa yake si ngumu. Mbele ya wote, mkebe ujazwe, ufutwe juu kwa kijiti kilichonyooka, kisha upimwe kwenye mizani; uzito wa mkebe mtupu uondolewe. Unga upimwe peke yake, maharagi peke yake, na uzito wa kila kimoja uandikwe ubavuni mwa mkebe. Unga usishindiliwe siku moja na kumiminwa ovyo siku nyingine. Hapo mama anayepanga foleni ataweza kuhesabu mwenyewe haki ya watoto wake.