Masomo ya mbali: kutoka redio ya jangwani mpaka telefone ya Kindu

Hapa Kindu tumezoea kusema masomo ya intaneti ni mambo ya Kinshasa na Ulaya. Lakini habari yake inaanzia kwenye redio, na redio tunaijua.

Mwaka 1951, katika mji wa Alice Springs, Australia, ilifunguliwa shule isiyokuwa na darasa. Watoto wa wafugaji waliokaa mbali sana walimsikiliza mwalimu kwa redio ya mawimbi mafupi, na waliweza kumjibu. Mtoto mmoja aliyesoma kwa njia hiyo, jangwani Australia ya Magharibi, ni Martin Dougiamas. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Curtin, mjini Perth, na programu ya masomo waliyokuwa nayo haikumridhisha. Akatengeneza yake. Agosti 2002 ikatoka Moodle ya kwanza, bure, na shule yoyote inaruhusiwa kuichukua na kuibadilisha. Mwaka ule ule, mwezi wa pili, Radio Okapi ilianza kusikika nchini mwetu.

Machi 2020, Korona ilipofunga shule zote za Kongo, ni redio iliyoingia nyumbani kufundisha watoto, kwa kipindi cha Okapi École. Intaneti ilibaki kwa wenye feza ya mega.

Tangu hapo programu imeongezwa mengi. Toleo la 4.5, la Oktoba 2024, linamwezesha mwalimu kutumia akili bandia kuandaa maandishi ya somo. Inasifiwa sana. Kwangu mimi, kitu cha maana zaidi ni kile cha telefone: unapakua somo pale penye mtandao, unasoma nyumbani bila mtandao, na majibu yako yanaondoka siku mtandao unaporudi. Kwa familia yenye telefone moja, inayochajiwa kwa jirani mwenye paneli ya jua, hiyo ni tofauti kubwa.

Fikiria pia watoto waliokimbia Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025. Wengi walikimbia bila buleteni. Alama zilizowekwa kwenye kompyuta ya mbali haziungui pamoja na nyumba. Lakini lazima shule iwe ilianza kuziweka mbele ya vita, na shule zetu nyingi zingali zinaandika kwenye daftari.

Kuna njia isiyohitaji hata intaneti. Inaitwa MoodleBox: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, inayoenea kwenye kiganja, inatoa wifi yake yenyewe, na telefone za wanafunzi walio karibu zinaingia humo. Inatumia umeme kidogo, betri inatosha.

Kinachokosekana ni masomo yenyewe. Programu ni ya bure, lakini kuandika somo la hesabu kwa Kiswahili cha hapa ni kazi ya wiki nyingi, na anayeiandika anahitaji kula. Kati ya wahami waliopokelewa hapa wako walimu, na wengi wao wanakaa bila darasa.