Mchawi Aliyeanza kama Mzinga

Mwaka 1971 kampuni ndogo ya Kimarekani, Guidon Games, ilitoa kijitabu cha sheria za kupigana vita mezani. Kiliitwa Chainmail, na waandishi wake walikuwa Gary Gygax na Jeff Perren. Sehemu yake kubwa ilihusu vita vya Ulaya ya Enzi za Kati: unapanga askari wadogo wa madini, unapima umbali kwa rula, unatupa dadu, unahesabu waliokufa. Mwishoni zikaongezwa kurasa chache za mambo ya hadithini. Humo mlikuwa na majoka, majitu na mchawi.

Neno mchawi nalitumia shingo upande. Kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru, na huyu wa mezani angeweza kuwa mwema kabisa. Lakini mganga naye ana wagonjwa wake, na huyu hakuwa na mgonjwa hata mmoja. Tuvumilie.

Kazi ya Gygax ilikuwa kumwingiza mtu wa miujiza katika mchezo wa kuhesabu, naye aliifanya kama karani wa ghala. Mpira wa moto wa mchawi ulipewa eneo la maangamizi sawa na la jiwe la mtambo mkubwa wa kurushia mawe. Radi yake ikapimwa kwa mzinga mzito. Basi mchawi alizaliwa mezani akiwa silaha iliyovaa kanzu, na kwa kuwa silaha hutofautiana ukubwa, matoleo yaliyofuata yakampangia madaraja.

Wakati huohuo huko Minnesota, Dave Arneson alikuwa akiendesha mchezo ambamo kila mtu alimshika mhusika mmoja badala ya jeshi zima, na mhusika huyo aliendelea kuishi kutoka kikao kimoja hadi kingine. Wawili hao wakaunganisha mawazo, na mwaka 1974 ikatoka Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya sanduku, nakala 1,000 za kwanza. Askari wa madini hahitaji kupanda cheo, maana vita vikiisha anarudishwa kwenye boksi. Mhusika anayerudi wiki ijayo anataka kukua. Hapo ndipo ngazi ilipopata maana.

Ngazi ya mchawi ilikuwa na vyeo kumi na kimoja vyenye majina. Chini kabisa alikaa Medium, ambaye nje ya mchezo ni mtu ambaye pepo husema kupitia kwake. Mchezaji aliyeanza na cheo hicho alikuwa na nuizo (maneno ya uchawi) moja tu kwa siku. Hakuruhusiwa kuvaa deraya, na silaha yake ilikuwa jambia. Akishatumia nuizo lake asubuhi, mpaka kesho alikuwa mtu wa kawaida mwenye kisu. Ili afikie cheo cha pili, Seer, alihitaji pointi 2,500 za uzoefu, ilhali mpiganaji alipanda kwa 2,000. Kisha walifuata Conjurer, Theurgist, Thaumaturgist, Magician, Enchanter, Warlock kwenye pointi 75,000, Sorcerer kwenye 100,000, Necromancer kwenye 200,000, na kileleni Wizard, pointi 300,000.

Ukiyachunguza majina hayo utaona kichekesho. Theurgist ni neno la wanafalsafa wa Kigiriki waliotafuta kuikaribia miungu kwa ibada. Thaumaturgist ni mtenda maajabu. Necromancer ni mwenye kupiga ramli kwa wafu. Nje ya mchezo hakuna aliyekuwa bosi wa mwenzake. Zilikuwa shughuli mbalimbali za watu mbalimbali. Ni kama mtu angepanga kwamba ukiiva katika kupiga bao unapandishwa kuwa mganga, ukizidi unakuwa mwanga. Kiswahili kingegoma. Maneno yetu yanasema mtu anafanya nini, hayasemi ana nguvu kiasi gani.

Nguvu zenyewe zilitoka wapi? Vijitabu vya 1974 havikujisumbua sana na swali hilo. Vilichukua utaratibu kutoka kwa Jack Vance, mwandishi wa California, ambaye kitabu chake The Dying Earth kilitoka mwaka 1950. Kwa Vance, nuizo ni kitu kizito kinachosomwa na kushindiliwa kichwani, na kikitamkwa kinatoka na kusahaulika. Mmoja wa wahusika wake, Mazirian, hata baada ya mazoezi makali aliweza kubeba manuizo manne makubwa au sita madogo, basi. Kwa mtunga sheria za mchezo hiyo ilikuwa zawadi: uchawi unaohesabika kama risasi kwenye bunduki. Gygax hakuficha deni lake. Vecna, mchawi-mfu maarufu wa mchezo huo, ni jina la Vance lililochanganywa herufi.

Njia nyingine ilikuwa imeshafunguliwa na Larry Niven. Katika hadithi fupi ya mwaka 1969 aliufanya uchawi uwe mali ya ardhi inayochimbwa na kuisha kama mafuta ya petroli, na kuipa jina la mana. Neno hilo alilikuta limeshasafiri. Ni la watu wa visiwa vya Pasifiki, na mmisionari Robert Codrington ndiye aliyeliingiza katika mijadala ya wasomi wa Ulaya kwa kitabu chake cha 1891 kuhusu Wamelanesia. Leo kijana anayecheza kwenye simu anaona mstari wa buluu ukipungua kila anaporusha moto, na anauita mana. Pasifiki haimjii akilini hata kidogo.

Toleo la pili la Dungeons & Dragons, mwaka 1989, liliyafuta majina ya vyeo. Zikabaki namba tupu. Lakini maneno mazuri hayakai bure, na watunzi waliofuata walianza kuyaokota moja moja. Enchanter na Necromancer wakageuzwa mabingwa wa fani zao. Mwaka 2000 Sorcerer akarudi akiwa mtu aliyezaliwa na uchawi damuni, asiyehitaji kitabu. Mwaka 2004 akarudi Warlock, mwenye nguvu za kupewa kwa mkataba na viumbe wa giza. Toleo la 2008 likaandika waziwazi, kwa kila aina ya mhusika, chanzo cha nguvu zake.

Sorcerer na Warlock, waliokuwa mtu yuleyule akiwa na pointi 100,000 na akiwa na 75,000, sasa hawakuwa hata ndugu. Mmoja ana damu, mwingine ana deni. Wizard amebaki na vitabu vyake, na kila asubuhi hukaa chini kujaza kichwa upya.