'Dawa' isiyotibu: Funzo kutokana na historia ya gadolini

ATUMWAYE kupigwa picha za MRI aghalabu huambiwa: "Tutakudunga dawa ili figo zionekane vizuri." Hoja yangu wiki hii ni kwamba neno 'dawa' hapa linapotosha, na historia inaniunga mkono.

Gadolini haitibu chochote. Ni metali iliyogunduliwa na Jean Charles Galissard de Marignac mwaka 1880, na jina lake linamuenzi mwanakemia Johan Gadolin wa Finland. Ikiwa peke yake ni sumu. Watafiti wa kampuni ya Schering, Berlin, waliifunga ndani ya molekuli nyingine, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha matumizi yake.

Kwa nini figo? Kemikali hiyo huchujwa na figo na kutoka na mkojo. Picha zikipigwa mfululizo, kila figo huonekana iking'aa kisha ikififia. Mwendo wa mng'ao huo humsaidia daktari kukadiria figo ya kushoto inachuja kiasi gani na ya kulia kiasi gani. Kipimo cha damu hutoa jumla tu.

Kwa kuwa iliaminika kuwa salama kuliko kemikali za iodini, wenye figo dhaifu ndio walioelekezwa huko. Mwaka 2000 madaktari wakaeleza ugonjwa mpya: ngozi za wagonjwa wa figo zilikuwa zikikakamaa. Wakauita ugonjwa wa ngozi. Kumbe hata viungo vya ndani viliathirika! Jina likabadilishwa. Mwaka 2006, Thomas Grobner wa Austria akauhusisha na gadolini. Figo zilizoshindwa kuchuja zilikuwa zikiiacha mwilini. Leo hutumika aina zilizofungwa imara zaidi, na hatari imepungua mno.

Hata teknolojia yenyewe ilibadilishwa jina: 'nyuklia' liliondolewa kwa kuwa liliwatia watu hofu. Wenzetu waliondoa neno la kutisha. Sisi tumeongeza la kuliwaza. Anayeambiwa 'dawa' hushukuru akanyamaza. Anayeambiwa ni kemikali ya kung'arisha picha, itakayotolewa na figo zake mwenyewe, atauliza: Je, figo zangu zitaiweza?

Ndiposa napendekeza 'king'arishi', kwa mfano wa 'kichungi'. Mwenye neno bora na alilete. Muhimu ni mgonjwa aulize kabla ya sindano, maana kuuliza si ujinga.