STDSIM: Programu iliyoeleza kwa nini Mwanza ilifanikiwa na Rakai ikakwama

STDSIM ni programu ya kompyuta inayoiga maisha ya watu ili kukadiria jinsi VVU na magonjwa mengine ya zinaa yanavyosambaa. Ilitengenezwa miaka ya 1990 katika Chuo Kikuu cha Erasmus, Rotterdam, Uholanzi.

Mwanza na Rakai

Kuanzia mwaka 1991, utafiti ulifanyika katika jamii 12 za vijijini mkoani Mwanza. Katika jamii sita, wahudumu wa zahanati na vituo vya afya walipewa mafunzo na dawa za kutibu magonjwa ya zinaa. Baada ya miaka miwili, walioambukizwa VVU upya walikuwa asilimia 1.2, dhidi ya 1.9 kwenye jamii nyingine sita. Yaani pungufu ya karibu asilimia 40.

Magharibi mwa ziwa, Rakai nchini Uganda, watu wazima waligawiwa dawa majumbani kila baada ya miezi 10, awe anaumwa au haumwi. Maambukizi ya VVU hayakupungua. Je, kutibu magonjwa ya zinaa kunazuia VVU au hapana? Bajeti za dawa zilisubiri jibu.

Inavyofanya kazi

Programu huunda wanakijiji wa kubuni. Kila mmoja ana umri, jinsia na wapenzi wake. Huzaliwa, huoa au kuolewa, huachana, huugua, hutibiwa na hufa. Mtafiti huingiza takwimu halisi za eneo, kisha hubadilisha jambo moja moja aone kinachotokea.

Ikaonekana tafiti hizo hazipingani. Mwanza, magonjwa yanayotibika kama kaswende bado yalikuwa mengi. Rakai, VVU vilishaenea muda mrefu, watu walishapunguza tabia hatarishi, na malengelenge ya sehemu za siri, ambayo hayaponi kabisa, yalikuwa na mchango mkubwa zaidi.

Kwa nini iliboreshwa

ARV zikabadilisha kila kitu. UKIMWI ukawa ugonjwa sugu ambao mtu anaishi nao miaka mingi, kwa hiyo hesabu za zamani hazikutosha. Ilibidi programu ijue kinga ya mwili inashuka vipi, mgonjwa anaanza dawa lini, nani anaziacha, na dawa zinapunguza kwa kiasi gani uwezo wa kuambukiza.

Mwaka 2013 watafiti walilinganisha modeli tisa kuhusu Afrika Kusini, kuanzia nyepesi hadi zenye undani. Zote zilionyesha kuwa kupima watu wote na kuwaanzishia dawa mapema kunaweza kuimaliza VVU. Ila zile za undani zilionyesha safari ndefu zaidi.

Mipaka yake

Kompyuta haibuni ukweli: ukiilisha takwimu mbovu, inarudisha majibu mabovu. Ndiyo maana maeneo kama Kisesa, wilayani Magu, ambako wakazi wamefuatiliwa tangu 1994, yana thamani kubwa. Kila namba kwenye modeli ilianza na mtu aliyekubali kutoa damu na kujibu maswali.