Kutoka Mji Mkongwe hadi Mbuya: albamu iliyochelewa kufika

Mwishoni mwa Julai 1975 Kampala ilikuwa imepambwa. Wakuu wa nchi za Afrika walikuwa wamekusanyika kwa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, na Idi Amin akakabidhiwa uenyekiti. Mwaka huohuo wanamuziki waliotoka Cranes Band, Moses Matovu akiwa miongoni mwao, waliunda Afrigo Band, ambayo ingekuja kuwa bendi kongwe ya jiji hili. Huko Uingereza, vijana wanne wa bendi ya Queen walikuwa wakihama kutoka studio moja hadi nyingine wakirekodi albamu yao ya nne, A Night at the Opera. Ilitoka tarehe 21 Novemba 1975. Mwimbaji wao mkuu alikuwa mzaliwa wa Zanzibar.

Mbuya ni kilima cha mashariki mwa Kampala, katika Tarafa ya Nakawa, jirani na Bugolobi, Mutungo na Kinawataka. Pana kambi ya jeshi na hospitali ya kijeshi, pana Kanisa Katoliki la Mama Yetu wa Afrika, na Kiswahili, lugha ya askari tangu enzi za KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, husikika hapa kila siku. Hapa ndipo nilipoisikiliza albamu hiyo kwa mara ya kwanza, tangu wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, karibu nusu karne baada ya kutolewa. Wimbo wake mmoja niliujua tangu utotoni, kama wengi wa rika langu. Albamu yenyewe sikuwahi kuisikia. Ilipokwisha nilitaka kujua imekuwaje kazi ya mtoto wa Unguja ikaizunguka dunia na kuchelewa kufika kwetu. Jibu limo katika historia yetu wenyewe.

Mtoto wa Unguja

Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake, Bomi na Jer, walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarat, wafuasi wa dini ya Zoroasta. Baba alikuwa mtunza fedha wa Mahakama Kuu, mtumishi wa serikali ya kikoloni. Kijana alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akajifunza piano na kupiga muziki na wenzake katika bendi ya shule, The Hectics. Alirejea Unguja mwaka 1963.

Hakukaa sana. Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliung'oa utawala wa Sultani, na familia nyingi za Waarabu na Waasia zikakimbia kunusuru maisha. Wakina Bulsara walikwenda Uingereza, wakaweka makazi Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Farrokh alikuwa na miaka 17. Alisomea sanaa Ealing, na mwaka 1970 akaungana na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor kuunda Queen. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alijiunga mwaka uliofuata. Farrokh akajiita Freddie Mercury.

Nyumbani jina lake halikupokelewa kirahisi. Mwaka 2006, sherehe iliyopangwa Unguja kuadhimisha miaka 60 ya kuzaliwa kwake ilifutwa baada ya jumuiya ya Kiislamu ya UAMSHO kuipinga kwa sababu za kidini. Ilichukua hadi 2019 kwa jumba la makumbusho lenye jina lake kufunguliwa Mji Mkongwe.

Kampala ya magendo

Uganda nayo ilikuwa na mwaka wake wa kung'oa watu. Agosti 1972 Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza, nchi ileile iliyowapokea wakina Bulsara miaka minane kabla. Wakati ndege zikiwashusha katika uwanja wa Stansted, Queen walikuwa London wakirekodi albamu yao ya kwanza katika studio za Trident, wakiingia saa ambazo wateja wakubwa hawapo.

Sehemu kubwa ya biashara ya Kampala ilikuwa mikononi mwa Waasia. Maduka yalipogawiwa watu wengine, wengi wao askari, mnyororo wa kuagiza bidhaa kutoka nje ulikatika, na fedha za kigeni zikaadimika. Sukari, sabuni na chumvi vikawa vitu vya foleni. Magendo ndiyo yaliyoendesha uchumi. A Night at the Opera ilitoka katika mazingira hayo, na haishangazi kwamba santuri ya bei ghali kutoka London haikuwa miongoni mwa vitu ambavyo watu walihangaika kuvivusha mpaka.

Hata hivyo masikio ya Kampala hayakuwa matupu. Rumba ya Kongo ilitawala, Afrigo walikuwa wakijenga jina, na makanisani kwaya ziliimba kwa sauti nne. Mwaka 1964, mwaka uleule Bulsara alipoondoka Unguja, Joseph Kyagambiddwa alikuwa amewatungia Mashahidi wa Uganda oratorio kwa ajili ya kutangazwa kwao watakatifu mjini Roma. Mji uliozoea sauti nyingi kiasi hicho ungeielewa mara moja albamu iliyojengwa kwa sauti nyingi.

Pande mbili za sahani

Santuri humlazimisha msikilizaji kufuata mpangilio wa walioitengeneza. Upande A una nyimbo 7, upande B una 5, na zote pamoja huchukua takriban dakika 43. Jirani aliyenikaribisha sebuleni kwake aliifuta sahani kwa kitambaa laini, akaishika ukingoni, akateremsha sindano taratibu, kisha akanyamaza. Ndiyo adabu ya wenye santuri: mazungumzo hungoja upande uishe.

Kinachoshtua mwanzoni ni jinsi nyimbo zisivyofanana. Wa kwanza una hasira tupu. Unaofuata ni mchezo wa dakika moja hivi. Taylor anaimba mapenzi yake kwa gari, Deacon anapiga kinanda cha umeme katika wimbo aliomtungia mkewe. Kisha May, aliyekuwa amesomea sayansi ya anga na ambaye mwaka 2007 alipata shahada ya uzamivu katika fani hiyo, anachukua gitaa la kawaida na kuimba '39. Ni kisa cha wasafiri wa anga za mbali. Kwao umepita mwaka mmoja tu, lakini wakirudi wanakuta duniani umepita muda wa maisha ya mtu mzima, na waliowaacha hawapo. Ukiusikilizia wimbo huu Afrika Mashariki, penye familia nyingi zilizogawanyika kwa kukimbia, hauhitaji elimu ya anga kukugusa.

Upande A unafungwa na Seaside Rendezvous. Humo kuna kipande kinachosikika kama bendi ndogo ya tarumbeta na zumari, kumbe ni midomo ya Mercury na Taylor. Kwenye jalada waliandika kwamba hawakutumia sinthesaiza, na walikuwa na sababu ya kujivunia. Katika Good Company, upande wa pili, gitaa la May ndilo linaloigiza bendi nzima ya jazi.

Upande B unaanza na The Prophet's Song, wimbo wa zaidi ya dakika 8. Katikati ala zote zinanyamaza. Mercury anaimba peke yake, mashine ya utepe inairudisha sauti yake baada ya kitambo kidogo, naye anaimba juu ya mwangwi wake mwenyewe hadi mtu mmoja anakuwa kwaya.

Ndipo unafika wimbo tunaoujua sote, Bohemian Rhapsody, wa dakika 5 na sekunde 55. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi, lakini sikuwahi kuufikia kwa njia hii, baada ya nyimbo 10 zilizouandalia mahali. Sehemu yake ya opera iliimbwa na watu watatu tu: Taylor sauti za juu, Mercury za kati, May za chini. Mashine ilikuwa na nafasi 24 za kurekodia. Zilipojaa, sauti kadhaa ziliunganishwa na kuhamishiwa nafasi moja, na kazi ikaendelea. Utepe ulipita kwenye mashine mara nyingi mno. May amesimulia kwamba ulikwanguka hadi mwanga ukawa unapenya. Kazi hiyo ya mikono inasikika. Hakuna sehemu ya sauti hizo iliyoachwa ijiendee tu.

Albamu inafungwa na wimbo wa taifa wa Uingereza uliopigwa kwa gitaa. Uganda iliuweka kando wimbo huo tarehe 9 Oktoba 1962. Ndio wimbo wa dola iliyomwajiri baba yake Farrokh Unguja, na ndio wimbo wa nchi iliyompa mwanawe pa kukimbilia. Nikiwa Mbuya, mita chache kutoka kambi ya jeshi, niliusikia kwa uzito wote huo.

Redio na habari za msiba

Bohemian Rhapsody ulipotolewa peke yake Oktoba 1975, wengi katika biashara ya muziki walidhani redio zingeukataa. Mtangazaji Kenny Everett wa Capital Radio ya London aliupiga mara 14 katika mwisho mmoja wa wiki, na ukakaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa wiki 9. Kampala ilingoja. Redio binafsi ziliruhusiwa miaka ya 1990, na mwaka 1993 Sanyu FM na Capital FM zikaingia hewani. Zilituletea nyimbo, wala si albamu. Kaseti zilizonakiliwa vibandani nazo zilikusanya nyimbo za huku na huku. Ndiyo maana wengi wetu tulikua tukimjua Mercury kwa vipande.

Wengine walimjua kwanza kwa habari za ugonjwa. Tarehe 23 Novemba 1991 alitangaza kuwa ana UKIMWI, na siku iliyofuata akafariki akiwa na miaka 45. Uganda ilikuwa imeshapitia tangazo kama hilo. Philly Lutaaya, mwanamuziki Mganda aliyehamia Sweden na kurekodi huko albamu ya Born in Africa, alirudi nyumbani mwaka 1989 akasema hadharani kwamba ameambukizwa. Alitumia nguvu zilizombakia kuzungumza na wanafunzi na waumini, akarekodi Alone and Frightened, akafariki Desemba mwaka huo. Hapa Mbuya ujasiri wake una maana ya kila siku, kwa kuwa mwaka 2001 parokia ya Mama Yetu wa Afrika ilizaa Reach Out Mbuya, mpango wa kuwahudumia watu wanaoishi na VVU. Lutaaya aliwasaidia watu wa nchi hii kulitaja kwa sauti jambo walilokuwa wakilinong'ona.

Mwingine tuliyemfukuza

Kuna albamu ya tatu inayopaswa kukaa kwenye rafu moja na hizi. Februari 1977, Erinayo Oryema, waziri katika serikali ya Amin, aliuawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri mwenzake Charles Oboth Ofumbi. Mwanawe Geoffrey, kijana wa miaka 23, alivushwa mpaka hadi Kenya akiwa amefichwa kwenye buti la gari. Aliishia Ufaransa. Mwaka 1990 kampuni ya Real World ya Peter Gabriel ilitoa albamu yake Exile, iliyosimamiwa na Brian Eno, mtu aliyetoka Roxy Music na aliyeshiriki kuitayarisha The Joshua Tree ya U2 mwaka 1987. Magwiji wa roki walikaa kando wakaziachia nafasi ala za nanga na lukeme, na sauti ya Mwacholi anayeikumbuka Anaka, kijiji cha ukoo wake. Oryema alirudi Uganda kutumbuiza Desemba 2016, baada ya karibu miaka 40, na Juni 2018 akafariki Ufaransa.

Mercury, Lutaaya na Oryema hawafanani kwa muziki wala kwa namna walivyoondoka. Lakini kila mmoja alifanyia ughaibuni kazi kubwa ambayo nyumbani hapakuwa na nafasi ya kuifanyia, na kwa wote watatu vijana wetu wanajua wimbo mmoja au miwili. Filamu ya mwaka 2018 kuhusu Queen iliwafanya wengi wautafute wimbo ule mkubwa kwenye simu zao. Ni mwanzo mzuri, lakini hautoshi.

Redio za Kampala zina saa za usiku ambazo zingeweza kupiga albamu moja nzima kila wiki, bila kukatiza, na maelezo mafupi ya nani aliifanya, wapi, na kwa nini aliifanyia mbali. Shule zinazofundisha muziki zingeweza kufanya hivyohivyo darasani. Santuri zile hazikutufikia kwa wakati kwa sababu ya mapinduzi, amri za kufukuza watu, na mauaji. Leo, kwa anayeweza kumudu bando, hakuna mpaka unaozizuia. Waliozitengeneza walipoteza nyumbani kwao. Sisi tunadaiwa dakika 43 za kukaa kimya, kwa kuanzia.