Viatu vya chuma vya mtoto mwenye mguu uliopinda: namna ya kumzoesha



Katika parokia zetu kuna wamama ambao siku ya kuleta mtoto abarikiwe wanamfunika miguu kwa kikwembe, hata kama kuna joto. Mchungaji anampokea mtoto mikononi, anaomba, anamrudisha, na watu hawajaona kitu. Mara nyingi kinachofichwa ni mguu uliopinda tangu kuzaliwa: wayo umegeukia ndani na chini, kisigino kimevutwa juu, kama vile mtoto angetembea kwa upande wa mguu. Tumeandika makala hii juu ya mtoto huyo, na zaidi juu ya sehemu ya matibabu yake inayowashinda wazazi wengi, yaani viatu vyenye kipande cha chuma katikati.

Tuanze na kuondoa lawama. Hali hii inampata karibu mtoto 1 kwa kila 800 au 1000 wanaozaliwa, katika nchi zote, tajiri na maskini. Wavulana ni karibu mara mbili ya wasichana, na kwa karibu nusu ya watoto ni miguu yote miwili. Mara nyingi sababu yake haijulikani, ingawa katika jamaa fulani inarudia. Haitokani na mama kuruka kamba ya mbuzi, wala kumcheka mlemavu wakati wa mimba, wala deni la mahari ambalo halijalipwa. Wanafunzi walipomwuliza Bwana Yesu nani alitenda dhambi, kipofu au wazazi wake, alikataa swali lenyewe (Yohana 9). Sisi wachungaji tungefanya vizuri kulikataa pia, hata linapoulizwa na mzee wa kanisa.

Kuna matibabu, na hayahitaji upasuaji mkubwa. Yalianzishwa na daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa kisiwa cha Menorca huko Hispania mwaka 1914, aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Mganga anaukanda mguu polepole kwa mkono, anaunyoosha kidogo, kisha anaufunga plasta, ile bandeji nyeupe inayokauka na kuwa ngumu, kuanzia vidole hadi juu ya goti. Baada ya juma moja anaifungua, anaunyoosha tena kidogo, anafunga mpya. Kwa kawaida plasta 5 au 6 zinatosha. Kisha, kwa watoto walio wengi, mshipa mgumu wa nyuma ya kisigino unakatwa kidogo kwa dawa ya ganzi, na plasta ya mwisho inakaa majuma 3 ili mshipa uote tena ukiwa mrefu. Kazi hiyo ni nzuri kuianza katika majuma ya kwanza ya maisha, lakini mtoto aliyechelewa asiachwe nyumbani. Naye apelekwe.

Plasta ya mwisho ikitoka, mguu uko sawa. Na hapo ndipo hatari inapoanza.

Tunasema hivyo kwa sababu tuliwahi kukosea. Mama mmoja wa parokia yetu alileta mtoto wake wa kike kanisani siku chache baada ya plasta ya mwisho. Miguu ilikuwa imenyooka, kwaya ikaimba, nasi tukasimama madhabahuni tukasema kazi imekwisha, Bwana amemaliza. Mama alisikia neno la mchungaji wake. Viatu alivyopewa hospitalini akavitia ndani ya sanduku. Mtoto alipofikisha mwaka na nusu, visigino vilikuwa vimepanda tena na nyayo zimegeuka ndani. Hatujutii shukrani tuliyotoa siku ile. Tunajutia neno «imekwisha», kwa maana hatukumwuliza muuguzi hata swali moja kabla ya kulisema.

Mambo yako hivi: plasta inanyoosha mguu, lakini haiondoi ile nguvu iliyoupinda. Nguvu hiyo inabaki katika mwili wa mtoto katika miaka ya kwanza, wakati mguu unakua haraka. Viatu vya chuma ndivyo vinavyoushika usirudi. Sababu kubwa kuliko zote ya mguu kurudi ni kuacha viatu hivyo.

Ratiba yake ni ngumu mwanzoni, kisha inakuwa nyepesi. Miezi 3 ya kwanza mtoto anavaa saa 23 kwa siku. Ile saa moja iliyobaki ni ya kuoga na kunyoosha viungo. Baada ya hapo anavaa usiku na anapolala mchana, jumla ya saa 12 hadi 14, mpaka afikishe miaka 4 au 5. Mchana anatambaa, anatembea, anacheza peku au kwa viatu vya kawaida kama watoto wengine. Viatu hivi havimzuii kujifunza kutembea.

Hata kama ni mguu mmoja tu uliopinda, viatu vinavaliwa miguu yote miwili. Wazazi wengi wanaona ni kuutesa mguu mzima bure. Lakini chuma kinafanya kazi kwa kutegemea miguu yote miwili: mguu uliopinda unageuzwa nje sana, ule mzima unageuzwa nje kidogo, na upana wa chuma unalingana na mabega ya mtoto. Pembe hizo zimepimwa. Asizibadilishe mtu nyumbani, hata kama anaona mtoto amekaa kama chura.

Sasa tufike kwenye usiku wa kwanza. Mtoto atalia. Tunalisema waziwazi, kwa maana wazazi ambao hawakuambiwa ndio wanaovua viatu saa nane za usiku. Alikuwa amezoea kupiga mguu mmoja mmoja, na sasa akipiga mmoja, wa pili unakuja nao. Haelewi. Kwa watoto wengi vilio hivyo vinachukua siku mbili tatu, wengine hadi juma moja. Cha kwanza ni kumchezesha akiwa amevaa: shika chuma katikati, sukuma magoti yote mawili yakunjike kuelekea tumboni, kisha vuta yanyooke, polepole, ukimwimbia. Fanya hivyo mara nyingi kwa siku. Akigundua kwamba miguu miwili inaweza kupiga pamoja, vita vinapungua sana. Tumewaona watoto wa miezi minne wanaokitumia chuma hicho kugonga kitanda kwa furaha, na nyumba nzima haikulala kwa sababu hiyo.

La pili ni kutovua kwa sababu ya kilio. Mtoto akilia na viatu vikatoka, akalia tena vikatoka, amejifunza njia, na ataifuata kila usiku. Lakini kutovua si kupuuza. Kwanza angalia sababu nyingine: njaa, tumbo, homa, nepi iliyolowa. Kisha angalia mguu wenyewe. Mganga wetu mmoja anapenda kusema kwamba kilio cha hasira kinapoa mtoto akibebwa, lakini kilio cha maumivu hakipoi. Kama hakipoi, fungua utazame.

Namna ya kuvalisha inahitaji utulivu, na mwanzoni watu wawili. Mvalishe soksi ya pamba, safi, kavu, isiyo na mkunjo, inayopita juu ya ukingo wa kiatu. Kwa wenzetu wa milimani kama Lubero na Minembwe, tunajua baridi, lakini soksi nene ya sufi inafanya mguu uteleze. Mfunike mtoto kwa blanketi badala yake. Anza na mguu uliokuwa umepinda zaidi. Kunja goti, ingiza kisigino mpaka kiguse chini kabisa, kisha funga mkanda wa katikati kwanza, kwa nguvu ya kutosha, ndipo kamba au mikanda mingine. Vuta mguu kidogo kuujaribu: kama vidole vinaenda mbele na kurudi nyuma, kisigino hakijakaa, anza upya. Vidole vyote vionekane, vimenyooka, vya joto. Ukishapata tundu sahihi la mkanda, litie alama kwa kalamu, ili baba au dada akivalisha asikisie.

Siku za kwanza tazama ngozi mara kadhaa kwa siku. Wekundu hafifu unaoondoka baada ya muda mfupi si tatizo. Wekundu mkali, lengelenge au kidonda, hasa nyuma ya kisigino, mara nyingi maana yake si kwamba kiatu kimebana sana. Ni kwamba kimelegea na kisigino kinasugua. Hapo wazazi wanakosea: wanalegeza zaidi, na kidonda kinakua. Usipake mafuta mahali penye wekundu, iwe mawese au vazelini, kwa kuwa yanalainisha ngozi ichubuke upesi. Ngozi ikiwa imepasuka, nenda kituoni siku ile ile au kesho yake. Usivue viatu na kungoja mwezi mzima.

Kuna mambo ya nyumba ambayo karatasi za hospitali hazisemi. Chuma kifungiwe kitambaa au kipande cha sponji, la sivyo kitamwumiza mama kwenye mbavu, kitampiga mtoto mwenyewe usoni na kitatoboa chandarua. Nepi inabadilishwa bila kuvua: shika chuma katikati, inua miguu yote miwili kwa pamoja. Gauni ni rahisi kuliko suruali, hata kwa mvulana. Koko akicheka, acheke. Kunyonyesha, weka chuma juu ya mto au kikwembe kilichokunjwa, kisining'inie na kumvuta mtoto. Kumbeba mgongoni ndiyo shida kubwa ya wamama wa shamba katika ile miezi 3. Wengine wanambeba mbele au ubavuni kwa kikwembe kipana, miguu ikiwa wazi chini. Safari ya mbali ipangwe ili ile saa moja isitumike yote barabarani. Na katika saa hiyo, baada ya kuoga, sukuma wayo juu na nje taratibu kama ulivyoonyeshwa na muuguzi, si zaidi.

Ratiba ya usiku isiwe ya kubishaniwa. Kuoga, kuvaa viatu, kunyonya, wimbo, kulala, kila siku kwa mpangilio ule ule. Mtoto aliyezoea hivyo, akifika miaka miwili analeta viatu mwenyewe. Aliyezoea kuruka siku ya wageni na siku ya mkesha atagombana nanyi kila jioni. Ndiyo, hata mkesha wa maombi. Avae viatu, alale kwenye mkeka nyuma ya kanisa.

Viatu vyenyewe si lazima vitoke Ulaya. Nchini Uganda, katika mpango wa kitaifa ulioanza mwaka 1999 kwa kazi ya madaktari Shafique Pirani na Norgrove Penny, fundi Mholanzi Michiel Steenbeek alibuni viatu vya ngozi na chuma vinavyoweza kutengenezwa katika karakana za kwetu Afrika. Vina tundu kwenye kisigino, ili mzazi aone kama kisigino kimekaa chini. Mkiona mtoto amepewa vya aina hiyo, msidhani amepewa vya maskini. Vidole vikianza kupita ukingo wa mbele, rudini mkapate saizi nyingine. Mara nyingi ni baada ya miezi michache katika mwaka wa kwanza.

Tunaishi mahali ambapo watu wanakimbia. Katika mfuko ule wa haraka, pamoja na karatasi ya chanjo na kadi ya uchaguzi, viatu vya mtoto viwemo. Chuma kikivunjika na hospitali iko ng'ambo ya mapigano, chora umbo lake lote kwenye katoni, upana na pembe za viatu, ili fundi wa kuchomelea akiunganishe vile vile kilivyokuwa, kisha mwonyesheni mganga mara njia ikifunguka. Mtoto akikaa majuma kadhaa bila viatu na havimwingii tena, msimlazimishe. Hiyo ni dalili kwamba mguu umeanza kurudi. Dalili nyingine ni kisigino kupanda na wayo kugeuka ndani anapotembea. Ukirudi mapema, mara nyingi plasta chache tu zinaunyoosha tena.

Neno moja kwa wenye vyumba vya maombi. Tumesikia mama akiambiwa avue viatu vya mtoto kama tendo la imani. Yule kiwete wa Matendo 3, ambaye Luka anataja hata nyayo na vifundo vyake, hakuwa amenyimwa dawa na mtu yeyote ili apone. Mwombeeni mtoto akiwa amevaa. Na mkutane na muuguzi kabla ya kutangaza ushuhuda.

Parokia inaweza pia kulipa moto. Miadi ni mingi: baada ya juma moja au mawili, kisha mwezi, kisha kila miezi mitatu, kwa miaka. Wamama hawaachi kwa uvivu, wanaacha kwa kukosa franka za kwenda. Kikundi cha wamama wa parokia yetu sasa kinatenga sehemu ya sadaka ya Jumatano kwa safari hizo, na shemasi mmoja anaandika tarehe za kila mtoto katika daftari. Watoto ni watatu. Wa kwanza katika daftari ni yule binti tuliyemkosea. Alifungwa plasta tena, akavaa viatu vipya, na miadi yake inayofuata imeandikwa kwa kalamu nyekundu.